Herufi za Kuvunja-vunja Zikikataa Kutii: Dalili, Sababu na Dawa

Hizi ni shida zenye hurudi rudi kwa sisi tunaofanya posta za shoo, kava za nyimbo, tisheti na saini (vibao) za maduka huku Kisumu, Kakamega mpaka Nakuru, na tunapenda zile fonti za majaribio, herufi zimekatwa, zimechubuliwa, zimepindwa, zimepandana moja juu ya ingine. Nimezipanga kwa dalili, si kwa programu, manake mtu akiwa na shida hajui jina lake, anajua tu vile inaonekana. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza ndo yenye hutokea sana, na usikimbilie kufungua faili ya fonti ndani kama hujaangalia vitu rahisi.

Kabla ya yote kuna swali moja na ndo msingi wa hii kitu yote: huu mvunjo ni wewe umeuchagua ama ni mashine imekuletea? Weka kidole kila mahali herufi imekatika useme kwa nini imekatika hapo. Pale unaeza kusema, songa mbele. Pale huwezi, hapo ndo kuna kazi. Alafu kuna kipimo kingine rahisi sana, andika maneno yale yale, saizi ile ile, kwa fonti ya kawaida kama Arial. Shida ikibaki, fonti haina makosa, tafuta kwingine. Ikiisha, ni fonti ama ni vile umeitumia.

Dalili: posta iko kila mahali na bado watu wanapiga simu "ni lini na ni wapi"

Hii ndo inaongoza. Sababu yake kubwa ni kuvunja kila kitu. Jina la shoo, tarehe, mahali, bei ya kuingia, namba ya simu, vyote viko kwa fonti moja ya kupasuka. Herufi iliyovunjwa inafanya kazi poa kwa neno moja ama mawili makubwa yenye mtu anaeza kukisia hata bila kuona herufi zote, lakini tarehe haikisiwi, 16 na 18 zikichubuliwa ni kitu kimoja. Chapisha A4, ibandike ukutani, mwite mtu hajawahi kuiona, asimame mita tatu, mpe sekunde tano akuambie siku na mahali. Akishindwa, rudisha tarehe, mahali na simu kwa fonti ya kawaida, iache iwe ndogo lakini safi, na utashangaa vile ile sehemu iliyovunjwa inapata nguvu zaidi ikikaa karibu na kitu kimetulia.

Hapo wengine hunijibu wakisema Carson alifanya. Ni kweli, David Carson, mchoraji wa kurasa wa Marekani, kwa jarida la muziki la Ray Gun mwaka wa 1994 alichukua mahojiano mazima ya mwanamuziki Bryan Ferry akayaweka kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu, kwa sababu aliona mahojiano yenyewe hayana ladha. Lakini maneno yenyewe yalichapishwa tena kwa fonti ya kusomeka huko nyuma ya toleo hilo hilo. Na msomaji wake alikuwa amenunua jarida, amekaa chini. Mtu amebebwa na boda anapita Kondele hapa Kisumu hana ukurasa wa nyuma wa kufungua.

Sababu ya pili, umekata juu ya herufi. Kwa hizi herufi zetu nusu ya juu ndo inabeba habari nyingi. Andika "tamasha" kwa herufi ndogo, funika nusu ya chini na karatasi, bado unasoma. Sasa funika nusu ya juu, h imekuwa kama n na neno limepotea. Kwa hivyo kama lazima ukate, kula chini, acha juu.

Sababu ya tatu watu wengi hawaifikirii, umepasua neno mahali pabaya. Kiswahili silabi nyingi zinaishia kwa vokali na jicho limezoea kupumzika hapo. TA / MA / SHA hata ukiziweka kona tatu za karatasi mtu ataziunganisha, lakini TAM / ASH / A inamkwaza. Na maneno yetu ni marefu, kitu kama TUNAWAKARIBISHA ukikivunja ovyo hakuna mtu atafika mwisho. Dholuo haiendi hivyo, maneno mengi yanaishia kwa konsonanti, lile neno Nam la Nam Lolwe (Ziwa Victoria) hapo tu unaona, kwa hivyo ukifanya kazi ya Dholuo na si lugha yako mwonyeshe mwenyeji kabla hujapasua.

Ukishajaribu hayo na bado, dawa ya ndani ni kurudisha herufi ya kwanza na ya mwisho ya neno zikiwa nzima, uvunje za katikati tu.

SIMAMA HAPA: kama kazi ni maelekezo ya dawa, tangazo la mazishi, ilani ya stima ama ya mtambo, herufi zisivunjwe hata kidogo. Mteja akilazimisha, mwelezee athari zake, na akikataa kuelewa hiyo kazi iache.

Dalili: mteja anasema "boss, printa imeharibu" na wewe ulikusudia

Mara nyingi sana mvunjo wako ni mwoga. Ukishusha herufi milimita moja kwa posta ya A3 mtu anaona makosa, ukishusha sentimita tatu anaona uamuzi. Ongeza mpaka isiwe na shaka ama rudisha ikae sawa, katikati hakuna maisha.

Kama ukubwa uko sawa, angalia kama umeifanya mara moja tu. Herufi moja imekatwa kati ya kumi na mbili ni ajali. Tatu zimekatwa kwa pembe ile ile ni kanuni, na jicho likishaona kanuni linaacha kulalamika. Mchoraji wa fonti Barry Deck alichora fonti ya Template Gothic mwaka wa 1990 akitoa wazo kwa saini ya mahali pa kufulia nguo, iliyoandikwa kwa kibao cha kufuatisha herufi, na ukiiangalia fonti hiyo vizuri utaona vile mistari inanenepa na kukonda na ncha zinafifia, lakini zinafanya hivyo kwa tabia moja kutoka A mpaka Z. Ndo maana inasimama kama fonti na haionekani kama chapa mbovu. Soko la Kibuye, Kisumu, kuna somo hilo hilo na ni la bure, angalia saini za brashi kwa vibanda, fundi mmoja R zake zote zinarusha mguu upande mmoja, S zake zote zimelemea mbele, si eti alipima, mkono wake una tabia. Piga picha, soma tabia yake, uione vile inashika hata mahali rangi imetoka.

Dalili: michubuko inajirudia, kila a ina kovu mahali pamoja

Hii inatusumbua sisi kuliko wale waliochora hizo fonti, na sababu iko kwa lugha. Andika KAKAMEGA kwa fonti yoyote ya kuchakaa ya bure. Una K mbili na A tatu. Zile A tatu zote zina mkwaruzo ule ule unapita mguu wa kushoto, kipande kile kile kimemegeka kwa ncha, K zote mbili zimepasuka mkono wa juu mahali pamoja. Ukiisoma kwa mara ya kwanza huoni, ukiiangalia mara ya pili huwezi kuacha kuona, na hapo ule uchakavu wote unakuwa uongo, manake ukuta halisi ukimomonyoka hauna nakala. Maneno ya Kiingereza yanachanganya herufi zaidi kwa hivyo inajificha. Sisi na vokali zetu, MAANDAMANO, BABA, KARAKARA, inajitokeza haraka sana.

Cheki ya kwanza: je, fonti ina herufi mbadala na hujaziwasha? Fonti nyingi nzuri za aina hii zinakuja na a mbili tatu tofauti zenye zinabadilishana zenyewe. Kwa Illustrator na InDesign kuna paneli ya OpenType, washa mbadala za kimuktadha (Contextual Alternates). Kwa CorelDRAW ukichagua herufi zenye mbadala itakuonyesha. Programu nyingi za simu hazina mahali pa kuwasha, hiyo yenyewe yaeza kuwa shida yako yote.

Cheki ya pili, kama ni fonti ya herufi kubwa tu, jaribu kuandika kwa herufi ndogo. Wachoraji wengi huweka toleo lingine la A pale kwa a ndogo, kwa hivyo ukiandika KaKAMEGa unapata tofauti bila gharama yoyote.

Kama haina mbadala, basi ni mkono. Geuza maandishi yawe michoro, chukua A ya pili uifutie kovu lake ulipake kwingine, A ya tatu izungushe digrii mbili na umege mguu wa kulia. Usizungushe sana, digrii mbili zinatosha. Njia yenye huwa naipenda zaidi kwa kazi ya maana ni kuanza na fonti safi nzito isiyo na michubuko, alafu uweke uchakavu wako mwenyewe juu ya neno lote kwa leya moja, picha ya rangi imebanduka kwa bati ama lami, ndo mkwaruzo unapita kutoka herufi moja kwenda ingine bila kusimama kwa mpaka. Fonti haiwezi kukufanyia hiyo.

Hii shida ilitatuliwa kitambo, na kwa ujasiri. Erik van Blokland na Just van Rossum, Waholanzi wawili, mwaka wa 1990 walitoa Beowolf, fonti yenye printa yenyewe inasogeza nukta za herufi bila mpango kila inapochapisha, kwa hivyo hakuna a mbili zinafanana hata kwa ukurasa mmoja. Jumba la sanaa la MoMA la New York liliiweka kwa mkusanyiko wake 2011 pamoja na fonti zingine. Mifumo ya sasa hairuhusu ule ujanja wa printa, kwa hivyo toleo la siku hizi linabeba nakala nyingi za kila herufi na kuzizungusha, na hiyo ni njia yenye hata wewe unaeza kufuata ukitengeneza fonti yako, tatu za kila vokali, mbili za k, m, n na w, umeshamaliza nusu ya tatizo kwa Kiswahili.

Dalili: sanduku tupu, ama herufi moja imevaa nguo za fonti ingine

Sababu ya kwanza, fonti ni ya onyesho, imetolewa bure na A mpaka Z peke yake. Nambari hakuna, alama za uandishi hakuna, na wewe una namba ya simu ya kuandika. Kabla ya kumwonyesha mteja fonti yoyote andika mstari huu: Ng'ombe 0123456789 KSh 500/- & ? ! : @. Chochote kisichotokea, ujue sasa hivi na si saa ya kuchapa.

Sababu ya pili, na Nakuru inatokea kila wiki, ni ĩ na ũ za Gĩkũyũ. Fonti nyingi za majaribio zinajua ñ na é, hizi zetu hazijui. Inakuja sanduku, ama mbaya zaidi kompyuta inaazima ũ kutoka fonti ingine kimya kimya na ukiwa haraka huoni, mpaka mama mzee ashike kadi ya harusi aulize, "Kijana, mbona jina la mtoto wangu limeandikwa hivi?" Usitoe kile kimstari cha wimbi ukidhani hakuna atakayeona. Hilo ni jina la mtu na liko na tahajia yake.

Rekebisha hivi: hakikisha kwanza umeandika herufi kamili, ĩ ni U+0129 na ũ ni U+0169, kubwa zake ni U+0128 na U+0168. Ukinakili kutoka simu saa zingine inakuja u ya kawaida na wimbi limewekwa kando kama herufi ya pili, na hapo wimbi linaelea kulia ama linapanda sana. Badilisha iwe moja. Kama fonti haina kabisa, geuza iwe mchoro, chukua wimbi la ñ kama liko, liweke juu ya u, na ulivunje vile herufi zingine zimevunjwa, usiache wimbi safi juu ya u iliyopasuka.

Ile alama ya ng' nayo ina vituko. Kwa fonti nyingi nafasi yake imepimwa kwa Kiingereza, kwa hivyo NG'OMBE inatoka na pengo kubwa linagawa neno mara mbili. Punguza nafasi kwa mkono pande zote mbili za alama.

Dalili: kwa laptop iko sawa, kwa duka la printi imetoka fonti ingine

Fonti haiko kwa kompyuta yao. Ni hiyo tu, karibu kila mara. Geuza maandishi yawe michoro kabla ya kutuma: Illustrator ni Shift+Ctrl+O, CorelDRAW ni Ctrl+Q, Inkscape ni Shift+Ctrl+C. Weka nakala yenye bado inaandikika kando, juu ukishageuza huwezi kurekebisha tahajia, na mpe mteja asome kila neno kwanza. Kama ulituma PDF na bado imebadilika, mwambie asiifungue kwa programu ya kuhariri, aichape moja kwa moja.

Ukituma kwa WhatsApp kama picha imebanwa, ile michubuko midogo inayeyuka inakuwa ukungu. Tuma kama dokumenti. Na kama vichwa vya herufi vinakatwa kwa skrini peke yake, ongeza nafasi ya mstari, kwa sababu hizi fonti hupita mipaka yake, na mara nyingi kwa karatasi inatoka nzima.

Dalili: tumbo la herufi (ule uwazi wa ndani) limejaa, ama pale zimepandana pamekuwa peupe

Angalia kwanza kwa mwonekano wa mistari tupu, Illustrator ni Ctrl+Y. Ukiona mistari inakatizana ndani ya herufi, hiyo ndo sababu. Herufi zilizopandana kwa skrini zinaonekana kitu kimoja cheusi, lakini ukiziunganisha vibaya programu inahesabu pale zinapokutana kama tundu. Usitumie ile amri ya Combine ya Corel, tumia Weld, kwa Illustrator tumia Unite. Kama ni tumbo la a ama o limejaa na hujaunganisha kitu, mstari wa ndani umechorwa kwa mwelekeo mmoja na wa nje, ugeuze mwelekeo.

Kwa mashine ya kukata stika hii si urembo tena, ni hasara, kisu kinafuata kila mstari hata ule huoni, kwa hivyo mahali ulipandisha S juu ya U kinakata katikati ya herufi na stika inatoka vipande. Unganisha zote kabla. Alafu fonti za kuchubuka zina nukta maelfu, mashine inaganda ama inakata vipande vidogo kama unga vyenye hakuna mtu atavitoa kwa kibano. Futa kila kipande chini ya milimita tatu. Bado ni vingi? Acha kukata, chapa michubuko kwa stika nyeupe na ukate umbo la nje peke yake. Na kama ni stensili ya kupuliza rangi, tumbo la O na A litaanguka, acha madaraja ya kulishika, na yale madaraja yafanye sehemu ya mvunjo wako.

Dalili: kwa tisheti mistari myembamba imepotea ama imeziba

Mistari ni myembamba kuliko neti, kile kitambaa cha skrini chenye wino unapitia. Neti ya kawaida ya vitambaa ni nyuzi 43 kwa sentimita, kwa michubuko midogo omba 77, na wino upunguzwe. Kama imeziba, shida ni wino mwingi ama presha. Kama imepotea, mwanga ulizidi wakati wa kuchoma skrini. Chapa moja kwa kitambaa kibovu kabla ya hamsini. Kudarizi usijaribu na fonti ya kuchakaa bila fundi wa kugeuza mchoro kuwa mishono, uzi hauna nafasi ya mkwaruzo.

Dalili: imefika barua kutoka kwa mwenye fonti

Ulitumia fonti ya "matumizi binafsi" kwa logo ya mteja. Cheki ni faili ya maandishi yenye huja ndani ya zipu, isome kabla ya kuanza kuchora, na kama hairuhusu biashara nunua leseni ama uchore herufi zako, kwa neno moja la logo ni kazi ya siku. Kubadilisha jina la faili ama kusogeza nukta kidogo hakukupi haki. Kama barua tayari imefika, usiijibu mwenyewe na usifute chochote, mweleze mteja ukweli siku hiyo hiyo na mwende kwa wakili pamoja. Na kama ile saini ni ya taa na inapanda juu ya jengo, hapo fundi wa stima na kibali cha kaunti viko mbele yako, kazi yako ni kumpa faili safi iliyounganishwa yenye vipimo.